Barafu Inayoyeyuka Ndiyo Inayolinda Samaki

Lori la samaki likitoka Musoma asubuhi na kukuta foleni Sirari jua likiwa la utosini, kitu cha kwanza kumkosesha mwenye mzigo raha ni maji yanayochuruzika chini ya bodi. Kila tone analiona ni hela inayomwagika. Ng'ambo ya pili, Isebania, mnunuzi anasubiri. Akifunua deli akakuta macho ya samaki yamezama na matamvua yamepoteza wekundu, bei inashuka hapo hapo, au mzigo unakataliwa.

Hata hivyo, si kila tone ni hasara. Barafu isiyoyeyuka haijafanya kazi yoyote.

Joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, wala halirudi kinyume lenyewe. Barafu haiwapi samaki baridi, bali inawanyang'anya joto. Tena ina tabia ya pekee: ikifika nyuzijoto 0 na kuanza kuyeyuka, hubaki hapo hapo mpaka kipande cha mwisho kigeuke maji, ingawa inaendelea kupokea joto muda wote huo. Joto hilo halionekani kwenye kipimajoto kwa sababu linatumika kulegeza chembe za barafu zilizoshikana. Mkemia Joseph Black alilieleza jambo hili katika Chuo Kikuu cha Glasgow miaka ya 1760. Kwa Kiswahili linaitwa joto fiche.

Kiasi chake si kidogo. Kilo moja ya barafu hunyonya kilojuli 334 ili iwe maji ya nyuzijoto 0. Joto hilo lingetosha kuyapandisha maji hayo hadi karibu nyuzijoto 80. Ndiyo maana kilo ya barafu haifananishwi na lita ya maji ya baridi.

Hesabu yake ni rahisi. Kupunguza joto la kilo moja ya samaki kwa nyuzi moja kunahitaji kuondoa takriban kilojuli 3.6. Samaki kilo 100 waliovuliwa wakiwa na nyuzijoto 28 watafika 0 kwa kutoa kilojuli 10,000 hivi. Kazi hiyo inamalizwa na kilo 30 za barafu. Kwa nini basi wazoefu hufunga kilo ya barafu kwa kila kilo ya samaki? Kilo 70 zinazobaki ni za kupambana na jua, upepo wa moto, bodi ya chuma na saa za kungoja mpakani.

Hasara ya kweli iko hapo: barafu inayoyeyushwa na joto la nje badala ya joto la samaki. Wafanyabiashara walilijua hilo zamani. Mwaka 1833 Frederic Tudor wa Boston, Marekani, alipeleka barafu Calcutta, India, kwa meli iliyoitwa Tuscany. Ilipakia tani 180, ikasafiri miezi minne na kuvuka ikweta mara mbili, na bado tani 100 hivi zilifika. Katika biashara hiyo barafu ilizungushiwa vumbi la mbao. Hewa iliyonaswa ndani ya vumbi hupitisha joto polepole sana. Pumba za mpunga na maranda hufanya kazi hiyo hiyo, mradi visilowe, kwa kuwa maji hupitisha joto kuliko hewa.

Namna ya kupanga mzigo nayo ina uzito. Barafu iliyopondwa huwagusa samaki pande zote, ilhali pande kubwa huacha mianya. Tabaka la barafu liwe chini, kati ya samaki na juu kabisa. Maji yanayoyeyuka yakipita katikati yao huondoka na joto pamoja na utelezi, kwa hiyo yaachiwe tundu la kutokea chini. Kila deli linapofunuliwa, hewa ya moto inaingia na kula barafu. Afadhali deli moja litengwe kwa ajili ya ukaguzi na mengine yabaki yamefungwa.

Asiye na barafu, kama muuza mboga, anaweza kutumia mgeuko mwingine wa maji, ule wa kuwa mvuke. Kilo moja ya maji ikikauka juu ya gunia bichi huchukua karibu kilojuli 2,400, zaidi ya mara saba ya joto linalochukuliwa na barafu inapoyeyuka. Njia hii hufaa zaidi penye hewa kavu kama Namanga kuliko kwenye unyevu wa Mombasa, ambako maji hukauka kwa shida.

Kwa hiyo, maji yakichuruzika foleni ikiwa bado ndefu, mwenye mzigo ajiulize joto lililoyeyusha barafu ile limetoka wapi. Likiwa limetoka kwa samaki, pesa ya barafu imefanya kazi yake. Likiwa limetoka juani, aanze kutafuta turubai na maranda kabla ya safari ijayo.