Kamba, Kapi na Amri: Lugha ya Uokoaji katika Mashimo ya Kisii na Nyamira

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kujadili istilahi za isimu, sheria na tarakilishi. Makala haya yanageukia uwanja usiotajwa sana katika makongamano yetu, yaani uokoaji kwa kamba, na yanadai kwamba humo amri ni kifaa sawa na kamba yenyewe.

Nchi ya Wagusii ina mashimo mengi. Kuna visima vilivyochimbwa kwa sururu, vyoo vya shimo, na machimbo ya mawe ya sabuni ya Tabaka, ambako watu huchimba kwa mikono chini ya kuta ambazo mvua huzilegeza. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti huduma za zimamoto na maafa. Hata hivyo, anayefika kwanza shimoni ni jirani mwenye kamba ya kufungia ng'ombe, na hatari inayomkabili si kina cha shimo pekee. Kabonidayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama kisimani. Chooni huongezeka methani na sulfidi ya hidrojeni. Hii ya mwisho hunuka kama yai viza, kisha huua uwezo wa kunusa, hata mtu akadhani imeondoka. Taasisi ya Marekani ya NIOSH ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliofia katika nafasi finyu za namna hii walikuwa waliojaribu kuokoa wenzao. Ndiyo maana mazoezi ya wazimamoto huanza kwa kipima hewa. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, hateremki mtu asiye na mtungi wa hewa. Mshumaa hautoshi kwa kazi hiyo. Penye methani, unaweza kulipua shimo.

Kamba ya uokoaji ni ya nailoni: kiini cha nyuzi kilichofunikwa kwa ala iliyosukwa, isiyonyumbuka sana. Yenye unene wa milimita 12.5 aghalabu huhimili takribani kilo 4,000 kabla ya kukatika, ingawa kila fundo hupunguza nguvu hiyo. Kamba ya katani huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Mwokoaji huvaa mkanda wa mwili mzima, na kamba huwa 2: moja ya kazi, nyingine ya akiba, kila moja ikiwa na nanga yake. Ukingo wa shimo huwekewa turubai au roda ili mawe yasikate ala.

Nanga yenyewe inahitaji maarifa. Mgomba, ambao kwetu uko kila mahali, haufai hata kidogo. Ni maji na majani tu. Gari la zimamoto hufaa likizimwa, likawekewa vigingi magurudumuni na ufunguo ukaondolewa. Nanga 2 zikigawana mzigo, pembe iliyo baina ya kamba zake isizidi nyuzi 90. Ikifika nyuzi 120, kila nanga hubeba mzigo wote, na faida ya kugawana hutoweka.

Katika kupandisha, kapi moja hufungwa kwenye nanga na nyingine husafiri pamoja na kamba, ikishikwa kwa fundo la Prusik. Kinadharia, majeruhi wa kilo 90 huinuliwa kwa nguvu ya kilo 30, ila wavutaji hulazimika kuvuta mita 3 ili apande mita 1. Msuguano hula sehemu ya faida hiyo. Tazama jinsi msamiati huu ulivyokuwa tayari: kapi, roda na nanga ni maneno ya mabaharia wa pwani, nayo yamepanda milima ya Gusii bila kuhitaji tafsiri. Anayedai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hii hajakaa na wavuvi.

Tatizo liko katika amri. Mtu akiagiza kwa Kiswahili cha kawaida atasema "pandisha", "shusha" au "simamisha". Vitenzi vyote 3 vinaishia kwa silabi moja, *sha*. Kisima chenye mwangwi humeza mwanzo wa neno na kurudisha mwisho wake. Aliye juu husikia *sha* tu, naye hajui avute au aachilie. Mofolojia, ambayo darasani ni mada ya mtihani, hapa inaweza kuvunja mgongo wa mtu.

Napendekeza "vuta", "legeza" na "simama". Irabu za mwanzo wake (*u*, *e*, *i*) zinatofautiana waziwazi. Hata msemaji wa Ekegusii, lugha isiyo na sauti *l*, akitamka "regeza", maana haipotei. Amri itolewe na mtu mmoja, irudiwe na wavutaji kabla ya kutekelezwa. Ila "simama" inaweza kupigwa na yeyote aonaye hatari, nayo hutiiwa papo hapo. Sauti ikishindwa, kuna filimbi: mlio 1 ni simama, 2 ni vuta, 3 ni legeza, 4 ni kwamba aliye chini amejifungua kambani, na mlio usiokatika ni msaada.

Kabla maneno haya hayajaingizwa katika orodha yoyote ya istilahi, yajaribiwe Tabaka, mvua ikinyesha, na wachimbaji wenyewe wakiwa wameshika kamba.