Mkimbiaji Mwenye Maumivu Sugu ya Mgongo: Aache Mbio au Apimiwe Mbio?

Katika miaka ya karibuni mbio zimetoka viwanjani na kuingia mitaani. Alfajiri za Jumamosi, vikundi vya mbio za pole huonekana katika barabara za Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mwanza, na Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi tangu mwaka 2003, hukusanya maelfu ya washiriki kila mwaka. Wengi wao si wanariadha wa kulipwa. Ni walimu, wahasibu, wauguzi na wafanyabiashara, na baadhi yao walifunga kamba za raba kwa mara ya kwanza baada ya kuambiwa kwamba shinikizo la damu limepanda. Miongoni mwao wapo ambao kila asubuhi huinuka kitandani wakiwa wameshika kiuno.

Wanapofika kliniki kueleza maumivu hayo, wengi hutoka na agizo fupi: kuanzia leo, acha kukimbia. Agizo hilo hutolewa kwa nia njema, lakini lina gharama yake. Aliyekuwa akikimbia ili kudhibiti shinikizo la damu hubaki na vidonge peke yake, uzito huongezeka, usingizi huvurugika, na kikundi kilichokuwa kikimsubiri alfajiri huondoka bila yeye. Mara nyingi, baada ya yote hayo, mgongo huendelea kuuma. Kwa hiyo mhudumu wa afya na mgonjwa wanapaswa kujiuliza iwapo mbio zinaweza kupimwa kama dawa inavyopimwa: kwa kiasi, kwa ratiba na kwa kufuatilia matokeo.

Ukubwa wa tatizo

Maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kusababisha ulemavu. Kwa makadirio ya mwaka 2020, watu wapatao milioni 619 walikuwa nayo. Huitwa sugu yanapodumu zaidi ya miezi mitatu. Kwa wagonjwa walio wengi, takriban tisa katika kila kumi, uchunguzi hauonyeshi ugonjwa au jeraha moja linaloweza kutajwa kuwa ndilo chanzo.

Kutoonekana kwa chanzo hakumaanishi kwamba mgonjwa anajifanya. Maumivu yanapodumu, mfumo wa fahamu hubadilika na kuwa mwepesi wa kutoa tahadhari. Hufanana na mlinzi wa usiku aliyewahi kuvamiwa na wezi: tangu siku hiyo hupiga filimbi hata paka akipita ukutani. Filimbi ni ya kweli, na anayeisikia hana budi kuamka, ila si kila inapolia kuna mwizi. Hofu, kukosa usingizi, msongo wa mawazo na kukaa bila kujongea humfanya mlinzi huyo azidi kuwa na wasiwasi.

Picha ya mgongo na maneno yanayotisha

Wagonjwa wengi huacha mbio baada ya kusoma majibu ya kipimo cha MRI. Humo hukuta kwamba diski imechakaa au imetokeza, na wakirudi nyumbani husema pingili zimesagika. Neno hilo hukaa kichwani kwa miaka. Mtu huanza kuinama kwa woga, hukataa kubeba ndoo ya maji, na hatimaye misuli iliyokuwa ikiushikilia mgongo hulegea kwa kutotumika.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya picha za watu ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Katika umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na dalili za kuchakaa kwa diski. Katika umri wa miaka 40 walifikia asilimia 68, na nusu yao walikuwa na diski iliyotokeza. Katika umri wa miaka 80, karibu wote walikuwa na mabadiliko hayo. Mengi yanayoonekana kwenye picha ni kama mvi: huja na umri, na hayatoshi peke yake kueleza kwa nini mtu anaumwa.

Mwanariadha Usain Bolt wa Jamaika, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, amewahi kueleza hadharani kwamba uti wake wa mgongo umepinda upande, hali iitwayo skoliosisi, na kwamba mazoezi ya kuimarisha misuli ya kiwiliwili yalikuwa sehemu ya kudumu ya maandalizi yake. Mfano wake hauthibitishi kwamba kila mgongo unaweza kukimbia. Unaonyesha tu kwamba umbo la mgongo na uwezo wa mgongo ni mambo mawili tofauti.

Mbio hufanya nini kwenye uti wa mgongo

Kila mguu unapotua wakati wa kukimbia, ardhi huurudishia mwili nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Hapo ndipo ulipozaliwa wasiwasi kwamba mbio huzisaga diski. Lakini diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu inayoifikia kati. Hupata maji na lishe kwa kupenyezewa kutoka kwenye pingili zilizo jirani, na kubanwa na kuachiwa kwa kiasi husaidia usafiri huo. Diski ni tishu hai, na kama mfupa na msuli, huweza kujirekebisha kulingana na kazi inayopewa.

Mwaka 2017 watafiti nchini Australia walilinganisha diski za watu wenye umri wa miaka 25 hadi 35: waliokuwa wakikimbia kwa miaka mitano au zaidi, na wasiofanya michezo. Diski za wakimbiaji zilikuwa na maji mengi zaidi. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba mbio ndizo zilizoleta tofauti, lakini haukubaliani na imani kwamba mbio huharibu mgongo.

Baadaye, katika utafiti mwingine wa Australia uitwao ASTEROID, watu wazima 40 wenye maumivu sugu ya mgongo yasiyo na chanzo mahsusi waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifuata kwa wiki 12 programu ya kukimbia na kutembea kwa zamu. Kundi jingine liliendelea na maisha ya kawaida. Maumivu na ulemavu vilipungua zaidi kwa waliokimbia, na hakuna aliyepata madhara makubwa kutokana na programu hiyo. Utafiti huo ni mdogo, na washiriki wake walikuwa na umri wa wastani wa miaka 33, kwa hiyo haupaswi kuchukuliwa kuwa ruhusa kwa kila mtu.

Kutembea nako kuna ushahidi wake. Mwaka 2024 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo siku za karibuni. Wale waliopewa mpango wa kutembea pamoja na elimu walikaa siku 208, kwa kipimo cha kati, kabla ya maumivu kurudi. Ambao hawakupewa mpango huo walikaa siku 112.

Dalili zinazosimamisha mbio

Kabla ya kuzungumzia ratiba, mhudumu wa afya hana budi kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa mwingine uliojificha. Mtu asubiriwe kukimbia, na achunguzwe kwa haraka, endapo ana moja kati ya haya:

- ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, kushindwa kukojoa, au kushindwa kuzuia haja. Hii ni dharura ya siku hiyohiyo;
- mguu mmoja au yote miwili inayozidi kukosa nguvu;
- homa, jasho jingi usiku au kupungua uzito bila sababu. Katika mazingira yetu, kifua kikuu cha uti wa mgongo lazima kifikiriwe, hata kama mgonjwa hakohoi;
- historia ya saratani, matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, au maumivu yaliyoanza baada ya ajali, ikiwamo ya bodaboda;
- maumivu ya usiku yasiyopungua kwa namna yoyote ya kulala.

Kijana ambaye mgongo hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, kisha hulainika anapojongea, apelekwe kwa daktari ili achunguzwe ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo. Tiba yake ni tofauti.

Kupima dozi

Mgonjwa asiye na dalili hizo anaweza kuandikiwa mazoezi. Chukulia mhasibu wa miaka 44 aliyekuwa akikimbia kilomita tano mara nne kwa wiki kabla maumivu hayajamsimamisha kwa miezi miwili. Kumrudisha moja kwa moja kwenye kilomita tano ni kumpa dozi kubwa mno. Kumwambia asikimbie kamwe ni kumnyima dawa.

Wiki mbili za kwanza atembee dakika 30, siku tano kwa wiki. Akiweza bila maumivu kuzidi, aanze zamu: akimbie polepole dakika moja, atembee dakika mbili, arudie mara nane. Afanye hivyo mara tatu kwa wiki, akipumzika siku moja katikati. Kila wiki au wiki mbili muda wa kukimbia uongezwe na wa kutembea upunguzwe, hadi afikie dakika 20 au 30 mfululizo, pengine baada ya miezi miwili au mitatu. Abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja: akiongeza umbali, asiongeze kasi, akianza kupanda milima, apunguze umbali.

Maumivu yapimwe kwa alama, sifuri ikiwa hakuna kabisa na kumi yakiwa hayavumiliki. Maumivu yasiyozidi alama tatu wakati wa mazoezi, yanayorudi kwenye hali ya kawaida ndani ya saa 24, yanakubalika. Yakivuka hapo, au yakianza kushuka mguuni, mkimbiaji arudi hatua moja nyuma katika ratiba. Hapaswi kurudi kitandani. Kila siku aandike kwenye daftari dakika alizokimbia, alama ya maumivu na saa alizolala. Daftari hilo humsaidia mtaalamu wa fiziotherapia kuliko kumbukumbu ya mgonjwa.

Siku mbili kwa wiki zitengwe kwa misuli ya makalio, tumbo, mapaja na mgongo: kuinua nyonga akiwa amelala chali, kujishikilia kama ubao kwa viwiko na vidole vya miguu, kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi. Hatua fupi za haraka hupunguza mshtuko kwenye magoti na nyonga kuliko hatua ndefu. Raba ziwe zinamkaa vizuri na soli isiwe imeliwa upande mmoja, lakini hakuna raba inayotibu mgongo, ya dukani wala ya mtumba.

Dawa, sindano na mkanda

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo unapendekeza elimu, mazoezi, tiba ya kisaikolojia na baadhi ya dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Haupendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa za jamii ya afyuni kwa matumizi ya kawaida.

Ni muhimu mkimbiaji asimeze diklofenaki au kuchomwa sindano yake ili amalize mbio. Dawa hiyo huzima taarifa anayoihitaji kujua kama amezidisha, na kwa mtu anayetoka jasho jingi huweza kudhuru mafigo. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye vidonda vya tumbo, na kwa mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa za kuongeza mkojo au za kundi la enalaprili na losartani.

Siku maumivu yanaporudi

Maumivu sugu huja kwa mawimbi, na mkimbiaji aambiwe hivyo mapema ili wimbi la kwanza lisimkatishe tamaa. Siku mbili tatu za kupunguza mazoezi, kutembea kidogo kidogo, joto kiunoni na usingizi wa kutosha hutosha kwa wengi.

Hatari iliyo kinyume ni ukaidi. Watanzania humkumbuka kwa heshima John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu ukiwa umefungwa bandeji. Ujasiri ule ulikuwa wa siku moja katika maisha ya mwanariadha. Mazoezi ya Jumanne asubuhi hayahitaji ujasiri wa namna hiyo. Mwenye mgongo unaochoma atembee, na kesho ataamka akiwa na uwezo wa kujaribu tena.

Wapo pia ambao, baada ya kujaribu kwa utulivu, wataona kuogelea au baiskeli kunawafaa zaidi. Lengo lililowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na kila mtu anaweza kulifikia kwa njia yake.

Kwa mhudumu wa afya, kazi haikamiliki kwa kumwambia mgonjwa apumzike. Amuulize alikuwa akikimbia kiasi gani na kwa sababu gani, amkague dalili za hatari, amweleze majibu ya picha kwa maneno yasiyotisha, amwandikie kiasi cha kuanzia, na ampangie tarehe ya kurudi, kama angefanya kwa dawa ya shinikizo la damu. Naye mgonjwa, kabla ya kutoka chumbani, aulize maswali matatu: nianze na dakika ngapi, nisimame nikiona nini, na nirudi lini.