Sumu ya Shambani na Sheria Yake
Katika Kigwa, wilayani Uyui, palipopita zamani misafara ya pembe ikielekea Tabora, leo tumbaku ndiyo tegemeo la kaya nyingi, na pamoja nayo zimeingia dawa za kuulia wadudu, ambazo makopo yake matupu, hata yakisuuzwa mara tatu, si salama abadani kuchotea maji ya kunywa. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 imeharimisha kuuza kiuatilifu kisichosajiliwa, na Mkataba wa Bamako wa 1991 umekataza taka za sumu, za nyuklia zikiwamo, kuingizwa Afrika. Sheria hizo ni za haki, walakini hazimfai mkulima asiyesomewa. Basi, ewe msomaji, kopo lililokwisha dawa litoboe lisichotewe maji, wala watoto wasilipate.