Itikadi Kali, Imani na Utamaduni: Vitabu vya Kusomwa Mashariki mwa Uganda, kwa Mifano ya Mbale na Jinja

1.0 Utangulizi

Orodha za vitabu wanavyopendekezewa washauri wa sera kuhusu siasa za dunia, itikadi kali, imani na utamaduni hufanana mno. Huanza na Samuel Huntington na nadharia yake ya mgongano wa staarabu (makala ya 1993, kitabu cha 1996), hupitia Septemba 11, 2001, kisha hufika Afrika Mashariki kwa njia ya mabomu: Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1998, Kampala Julai 11, 2010. Msomaji wa mashariki mwa Uganda hujikuta pembeni mwa habari hiyo, tena akitajwa kama mkazi wa mahali pa hatari. Makala haya yanajenga hoja kwamba orodha inayofaa eneo hili ianzie Mbale na Jinja zenyewe. Historia ya miji hiyo inatenganisha mambo mawili ambayo istilahi iliyozoeleka, itikadi kali, inayachanganya.

2.0 Istilahi na tatizo lake

Neno itikadi lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kufunga fundo: ni yale ambayo moyo umeyafunga na kuyasadiki. Kwa mwalimu wa dini, itikadi thabiti ni sifa njema. Ukali nao si lazima uwe uovu. Mswahili husema dawa kali na mwalimu mkali bila kumshtaki mtu. Maneno hayo yakiunganishwa, kinachotajwa ni imani yenye nguvu, na hakuna silabi inayotaja damu. Hata hivyo, katika taarifa za habari na nyaraka za usalama istilahi hiyo hubeba mauaji. Ugaidi, kinyume chake, hutaja tendo. Tofauti hiyo ni kubwa kwa kijana anayehojiwa kwa sababu ya ndevu zake.

3.0 Mbale

Kitabu cha kwanza katika orodha kingestahili kuwa Kakungulu and the Creation of Uganda cha Michael Twaddle (1993). Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda na Mprotestanti aliyewasaidia Waingereza kulitiisha eneo kubwa la mashariki, na mji wa Mbale ulikua kutokana na makao yake. Baada ya kukosana na wakubwa wake alijiunga na kundi la Malaki, lililoanza mwaka 1914 na kukataa dawa za hospitali. Mwaka 1919 alitahiriwa kwa kufuata Torati, akawatahiri wanawe, na jamii ya Abayudaya ikaanza. (Tohara yenyewe haikuwa ngeni mahali hapo: Wagisu wana imbalu yao, inayofanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kilichokuwa kigeni ni sababu.)

Kwa kipimo cha maofisa wa wakati ule, mtu anayekataa dawa kwa ajili ya Maandiko alikuwa na itikadi kali hasa. Lakini damu iliyomwagika kwa amri ya Kakungulu ilimwagika katika kampeni za kijeshi, alipokuwa mshirika wa dola. Imani yake ilipozidi kuwa kali, upanga ulikuwa umekwisha kuwekwa chini. Mshauri wa sera asiye na muda wa vitabu vingi na asome hiki.

Yaliyofuata yanathibitisha hoja hiyo. Utawala wa Idi Amin ulipiga marufuku dini ya Kiyahudi, na wafuasi wengi wakaiacha. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kilifunguliwa katika mji huohuo. J.J. Keki, Myahudi wa Mbale aliyekuwa New York siku ya Septemba 11, 2001, alirudi nyumbani, na mwaka 2004 wakulima wa kahawa Wayahudi, Wakristo na Waislamu wakaunda ushirika wa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Hakuna aliyetakiwa kulegeza itikadi yake ili auze kahawa.

4.0 Jinja

Jinja inafundisha upande wa pili: ukali usiohitaji itikadi ya dini. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini, na mji uliojengwa kwa sehemu kubwa na biashara zao ukabaki na maduka na mahekalu yasiyo na wenyewe. From Citizen to Refugee cha Mahmood Mamdani (1973) kinasimulia kufukuzwa huko. Kitabu chake cha baadaye, Good Muslim, Bad Muslim (2004), kinapinga tabia ya kueleza ugaidi kwa utamaduni na kuacha siasa zilizouzaa. Viwili hivyo visomwe pamoja. Hata kuuawa kwa Askofu James Hannington huko Busoga, Oktoba 1885, kulitokana kwa kiasi kikubwa na hofu ya Kabaka Mwanga juu ya wageni wanaoingia kwa njia ya mashariki.

5.0 Lugha ya usomaji

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Wazee wengi, hata hivyo, wanakikumbuka kama lugha ya askari na vizuizi vya barabarani. Kijana wa Busoga akikutana nacho kwanza katika msamiati wa usalama unaoishuku imani yake, kumbukumbu hiyo itarithiwa.

Vitabu vilivyotajwa viliandikwa kwa Kiingereza. Hata Ali Mazrui, mzawa wa Mombasa, aliandika The Africans: A Triple Heritage (1986) kwa lugha hiyo. Kutafsiri sura teule kunatosha kwa kuanzia, sura za Twaddle kuhusu miaka ya mwisho ya Kakungulu zikitangulia. Mfasiri atalazimika kuamua mapema: ukatili kwa jina la dini uitwe hivyo, nayo itikadi irudishiwe maana yake. Asipofanya hivyo, hatakuwa na neno la kumtofautisha Kakungulu wa 1919 na walioshambulia Kampala mwaka 2010.