Dawa ya Kifafa na Hesabu Yenye Kikomo

Kifafa ni maradhi yajulikanayo sana nchini Burundi, na mojawapo ya sababu zake ni mabuu ya tegu wa nguruwe yaingiayo ubongoni. Mjini Bujumbura, wagonjwa hutibiwa katika Kituo cha Magonjwa ya Akili na Neva cha Kamenge. Miongoni mwa dawa zitumiwazo Afrika ni fenobabitali, ambayo bei yake ni nafuu. Lakini nyumbani huzuka swali: siku tano zimepita, mbona mgonjwa bado anaanguka?

Jibu limo katika hesabu. Mwili wa mtu mzima huchukua takriban siku nne kuondoa nusu ya dawa hiyo. Yaani kila siku hubaki kama sehemu 84 katika 100. Mathalani, mgonjwa akinywa miligramu 100 kila jioni, jioni ya pili atakuwa na 184 mwilini, ya tatu 255, ya nne 314. Je, dawa itaongezeka bila kikomo? La. Kila nyongeza ni ndogo kuliko iliyotangulia: 84, kisha 71, kisha 59. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba kina ukingo wake.

Huo ndio mfululizo wa kijiometri. Jumla yake, hata siku zikiwa hazina mwisho, hupatikana kwa kugawa kianzio kwa tofauti iliyopo baina ya moja na uwiano: 100 gawanya kwa 0.16, jibu 625. Sababu ni dhahiri. Mwili wenye miligramu 625 hupoteza 100 kwa siku, nazo ndizo zirudishwazo na kidonge cha jioni.

Kikomo hicho hakifikiwi upesi. Siku ya nane mwili una robo tatu tu ya kiasi hicho. Hukaribia kukitimiza baada ya wiki tatu hivi. Anayezidisha dawa maradufu hupandisha kikomo hadi 1,250, na hatari yake ni usingizi mzito na pumzi kudhoofika. Naye aachaye dawa ghafla huweza kupatwa na kifafa kisichokatika.

Hivyo basi, awe askari kambini au mama wa nyumbani Buyenzi, amwuguzaye mgonjwa na awe na subira, ahakikishe kidonge hakikosekani hata siku moja. Watoto huondoa dawa upesi zaidi, na kipimo chao ni kingine. Kukipunguza au kukiongeza ni kazi ya daktari peke yake.