Mark X kwenye lami iliyolowa

Masika yakiingia, swali ninaloulizwa kuliko yote linahusu Mark X: kwa nini nyuma inatoka kwenye kona wakati dereva hakuwa hata kwenye mwendo mkali? Toyota ilitengeneza gari hili kuanzia 2004 hadi 2019. Kwa sura ni sedani ya familia, lakini chini limepangwa kama gari la spoti: injini ya V6 mbele, propela shafti katikati, difu nyuma. Lile la lita 2.5 lina nguvu za farasi zaidi ya 200, na la lita 3.5 linafika 318. Altezza na BMW nyingi nazo zina injini mbele na difu nyuma, kwa hiyo wenye magari hayo nao wasikilize.

Tairi lina kiasi maalumu cha mshiko, na kiasi hicho hugawanywa kama mshahara mmoja unaolipa kodi na karo: ukizidisha huku, kule kunapungua. Kwenye Vitz, matairi ya mbele ndiyo yanayovuta gari na kulikatisha kona, ya nyuma yanafuata tu. Kwenye Mark X, matairi ya nyuma yanasukuma gari na wakati huohuo yanazuia mkia usitoke nje. Lami ikiwa kavu, mshiko unatosha kazi zote mbili. Ikilowa, hasa dakika za mwanzo za mvua baada ya kiangazi kirefu, maji yakichanganyika na vumbi, oili na mabaki ya mpira, akiba hiyo hupungua sana.

Hapo watu hufikiri hatari iko kwenye kukanyaga mafuta. Ni kweli, ukikanyaga kwa nguvu katikati ya kona, gia ya otomatiki inashuka, nguvu inaruka ghafla na matairi ya nyuma yanazunguka bure. Lakini madereva wengi waliohamia Mark X kutoka kwenye magari ya kuvuta mbele huponzwa na kinyume chake, yaani kuachia mafuta kwa mshtuko. Kwenye gari la kuvuta mbele ukiona kona imekuzidi, unaachia, pua inarudi ndani na safari inaendelea. Fanya hivyo kwenye Mark X na mambo mawili yatatokea kwa pamoja. Uzito wa gari unahamia mbele, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi. Halafu injini inayopunguza mwendo inafanya kazi ya breki, na breki hiyo inapitia kwenye difu, yaani kwenye matairi yaleyale ambayo yamebaki mepesi. Mkia unatoka, na dereva anaapa kwamba hakukanyaga kitu.

Kwa hiyo maliza breki gari likiwa bado limenyooka, ingia kona na mguu ukigusa mafuta kidogo tu, uongeze taratibu unaponyoosha usukani. Mark X nyingi zina swichi yenye maandishi PWR na SNOW. Watu huipuuza hiyo SNOW kwa sababu huku hatuna theluji. Itumie siku ya mvua, kwani inalainisha jinsi gari linavyoitikia mguu. PWR iache imezimwa.

Sasa matairi, na hapa ndipo ninapogombana na gereji nyingi. Mteja ana pesa ya matairi mawili mapya, fundi anayafunga mbele, "kwa sababu mbele ndiko kwenye usukani." Matairi yenye kashata nzuri zaidi yakae nyuma, na kwenye gari la kuvuta nyuma hilo halina mjadala. Mbele ikiteleza, gari linakwenda moja kwa moja na unalihisi mikononi mapema. Nyuma ikiteleza, gari linageuka. Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata za kina cha takriban milimita 8. Sheria za Ulaya zinaruhusu hadi 1.6, lakini mimi kwenye mvua nabadilisha likifika 3.

Upepo nao una hesabu yake. Miaka ya 1960 watafiti wa NASA, wakichunguza ndege zinazoteleza kwenye njia zenye maji, walionyesha kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji unategemea presha yake. Tairi kipara lenye presha ya psi 32 linaelea kwenye takriban kilomita 94 kwa saa. Likiwa na 22, linaelea kwenye 78. Na tairi pana huelea mapema zaidi, jambo ambalo wanaofunga rimu kubwa kwa ajili ya mwonekano hawaambiwi dukani. Kwenye barabara kama TANZAM, malori huacha mifereji miwili kwenye lami na maji hutuama humo. Endesha ukiwa umeikwepa mifereji hiyo, matairi yapite pale palipoinuka.

Kuhusu VSC, mfumo unaobana breki ya gurudumu moja moja ili kulirudisha gari kwenye mstari, nina ombi moja. Unategemea sensa zilezile za magurudumu zinazotumiwa na ABS. Taa ya ABS ikibaki inawaka kwenye dashibodi, kuna uwezekano mkubwa kwamba VSC nayo haipo kazini. Kuna watu wamekaa na taa hiyo mwaka mzima kwa sababu gari "linatembea vizuri."

Mkia ukishatoka, tazama unakotaka kwenda, wala usiutazame mtaro. Usipige breki. Legeza mguu kidogo, bila kuuondoa wote, na ugeuze usukani kuelekea upande ule mkia unakokimbilia. Wengi huliweza hilo hata bila kufundishwa. Kinachowashinda ni kinachofuata: mshiko ukirudi, usukani lazima urudishwe katikati mara moja, kwa sababu ukichelewa, matairi ya mbele yatalivuta gari upande wa pili kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na huko mara nyingi ndiko lilipo lori linalokuja.