Barua ya Mtaa na Bondi ya Mahakama

Huko Bombambili, kama ilivyo katika kata nyingine za Manispaa ya Songea, neno dhamana limezoeleka kutajwa pamoja na fedha, kiasi kwamba ndugu wa mtu aliyekamatwa huanza kuchangishana kabla hata ya kuuliza anatuhumiwa kwa kosa gani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inayotumika Tanzania Bara, inaitazama dhamana kwa jicho tofauti: ni ahadi kwamba mtuhumiwa atafika kituoni au mahakamani kila atakapotakiwa hadi shauri lake limalizike, na ahadi hiyo hubebwa na yeye mwenyewe pamoja na watu wanaomfahamu. Msingi wake umo katika Katiba ya mwaka 1977, ambayo katika ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika, na katika ibara ya 15 inalinda haki ya mtu kuwa huru.

Hatua ya kwanza ni dhamana ya polisi. Mtu aliyekamatwa bila hati anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na pale ambapo jambo hilo haliwezekani, mkuu wa kituo hutakiwa kulichunguza suala lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa lenyewe likiwa zito au lenye adhabu ya kifo. Anayekamatwa Ijumaa jioni ndiye anayeonja zaidi uzito wa kanuni hii, kwa kuwa mahakama zimefungwa hadi Jumatatu na lango pekee lililobaki wazi ni la kituo. Mahojiano nayo yamewekewa kipimo cha saa nne, ambazo zaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu, na mhojiwa ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Dhamana ya polisi hailipiwi, na Jeshi la Polisi lenyewe limekuwa likiwatangazia wananchi hivyo. Kwa hiyo anayeombwa hela ya soda au ya mafuta ya gari ili ndugu yake atoke anaombwa kitu kisichojulikana na sheria.

Shauri likifika mahakamani, hakimu husoma masharti, na hapo ndipo maneno machache huwachanganya wengi. Akisema kwamba mshtakiwa awe na wadhamini wawili wa kuaminika, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni tano, hakuna anayetakiwa kutoa milioni tano siku hiyo. Bondi ni hati ya ahadi: mdhamini anakubali kwamba mshtakiwa akitoroka, yeye ataitwa aeleze sababu ya kutolipa kiasi hicho, na akishindwa kujieleza atadaiwa. Kinachotakiwa siku ile ni karatasi, nazo mara nyingi ni barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, yenye picha ya mdhamini na mhuri uliogongwa nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi, pamoja na kitambulisho cha taifa chenye jina lilelile lililoandikwa katika barua. Tofauti ya herufi moja kati ya barua na kitambulisho yaweza kumrudisha mdhamini mtaani, na mshtakiwa akalala mahabusu usiku mwingine kwa kosa la kalamu ya mtendaji. Ndiyo maana familia yenye busara humtuma mtu kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa asubuhi na mapema, kabla karani hajaita shauri. Yapo mashauri ambayo mahakama hudai zaidi, kama hati ya mali isiyohamishika au fedha taslimu. Fedha inayowekwa mahakamani hutolewa stakabadhi ya serikali na hurejeshwa shauri likiisha, mradi masharti hayakuvunjwa.

Utaratibu huu unatofautiana sana na ule wa Marekani, ambao filamu zimewafanya wengi waudhanie kuwa ndio wa dunia nzima. Katika majimbo mengi ya huko yapo makampuni yanayomdhamini mshtakiwa kwa malipo, kwa kawaida asilimia 10 ya kiasi kilichotajwa, na malipo hayo hayarudi hata akiachiwa huru. Jimbo la Illinois liliachana kabisa na dhamana ya fedha mwaka 2023. Tanzania haina biashara ya namna hiyo. Mdhamini wa Songea ni jirani, shemeji, mwalimu au muumini mwenzake mshtakiwa, na mali yake kubwa mbele ya hakimu ni kujulikana anakoishi.

Hata hivyo, yapo makosa ambayo hakimu hawezi kuyatolea dhamana hata akiletewa wadhamini kumi: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji wa fedha ni miongoni mwake. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Daudi Pete, ilibatilisha sehemu ya kifungu kilichofunga mlango huo kwa upana kupita kiasi. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Sanga, ilitamka kwamba kifungu kizima cha makosa yasiyo na dhamana kinapingana na Katiba, lakini Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Kenya ilichagua njia nyingine, kwani Katiba yake ya 2010 inaruhusu hata mshtakiwa wa mauaji kuomba dhamana, na upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuonyesha sababu nzito za kumnyima. Kwa mkoa wenye mapori na wanyama kama Ruvuma, ni muhimu kufahamu pia kwamba kukutwa na nyara za serikali, kama vile meno ya tembo, huhesabiwa kuwa uhujumu uchumi. Thamani ikivuka kiwango cha sheria, ombi la dhamana hupelekwa Mahakama Kuu, na mshtakiwa hutakiwa kuweka nusu ya thamani hiyo kwa fedha au mali.

Katika mashauri ya namna hiyo wakili anahitajika sana, ilhali kwa ugomvi wa kilabuni barua mbili za mtaa zaweza kutosha. Masharti yakiwa magumu kupita uwezo, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu, ambayo ina masjala mjini Songea, iyalegeze. Wakili halali ameandikishwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, huhuisha leseni yake kila mwaka, na ni mwanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika kilichoundwa mwaka 1954, hivyo jina lake laweza kuhakikiwa. Asiyehakikiwa ni kishoka, yule anayezunguka viwanja vya mahakama na bahasha kwapani akidai kwamba anajuana na hakimu. Makubaliano ya malipo na wakili yaandikwe, na kila fedha ipewe risiti. Asiye na uwezo anaweza kuwaendea wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawa humwelekeza na kumsaidia kupata nyaraka bila malipo, ingawa si mawakili na hawasimami mahakamani kumtetea.

Mdhamini naye ana haki ambayo wachache huitumia. Akiona mshtakiwa ameanza kuuza vitu vyake na kuzungumzia safari, halazimiki kukaa na hofu hadi bondi imwangukie, kwa kuwa sheria inamruhusu wakati wowote kuomba mahakama imwondolee udhamini. Hakimu hutoa hati ya kumkamata mshtakiwa, na akishafikishwa mbele yake humfutia mdhamini bondi na kumtaka mshtakiwa atafute mwingine. Asipompata, anarudi mahabusu.